Jinsi ya Kutunga Kanuni za Droni katika Mchezo wa Mezani wa Vita vya Anga za Juu

Kila anayetunga mchezo wake wa vita vya anga za juu hufika kwenye maswali yaleyale. Droni ihesabiwe kama meli ndogo au kama kombora? Mbona mchezaji aliyenunua droni tupu anashinda kila mara? Mbona tangu tuongeze droni zamu moja inakula nusu saa? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, mpaka uwe na kanuni fupi unazoweza kuziweka mezani na kuzijaribu.

Kuna jambo moja ambalo hatua zote zinalitegemea, kwa hiyo nalisema mapema. Droni si ndege ya kivita iliyoondolewa rubani. Ukichukua kanuni za ndege ya kivita ukafuta neno "rubani", utabaki na ndege ya kivita ya bei rahisi, basi. Droni ni amri iliyotumwa mbali na aliyeitoa. Utamu wake wote uko kwenye kamba isiyoonekana kati yake na meli mama, yaani meli iliyoirusha: nani anaishika, inafika wapi, na ikikatika nini kinatokea. Kanuni isiyogusa kamba hiyo haina sababu ya kuwa kwenye ukurasa wa droni.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mchezo wa msingi unaochezeka bila droni. Meli ziwe tayari zinasogea, zinapiga na zinaharibika kwa kanuni ulizokwisha kuzijaribu. Kama mizinga yako bado haijatulia, rudi huko kwanza, kwa sababu droni zitaficha kasoro badala ya kuiponya.
- Ramani ya pembesita, au meza tupu na rula. Hapa nitasema "nafasi" nikimaanisha umbo moja la pembesita; ukitumia rula, chukua sentimita 3 kuwa nafasi moja.
- Dadu za pande sita, kama kumi na mbili hivi.
- Kete ndogo za kuwakilisha droni. Vifungo vya nguo vinatosha.
- Kadi tupu au vipande vya karatasi ngumu vya kuandikia amri.
- Penseli, karatasi ya hesabu, na saa ya kupimia urefu wa zamu.
- Mtu wa kucheza naye ambaye hakukusaidia kutunga. Huyu ni wa lazima kuliko vyote, kwa kuwa wewe utaisoma kanuni uliyoikusudia, naye atasoma iliyoandikwa.

Hatua ya 1: Andika kazi ya droni kwa sentensi moja

Kabla ya namba yoyote, andika: "Katika mchezo huu droni ipo ili…" na umalizie. Ili kushambulia kwa wingi? Kumlinda mama dhidi ya makombora? Kupeleleza nyuma ya vimondo? Kuwa chambo kinachovuta risasi? Chagua kazi moja, au mbili zikizidi sana. Anayeanza hutaka aina sita za droni siku ya kwanza, kila moja na jedwali lake, kisha anashangaa kwamba hakuna anayekumbuka ipi inafanya nini. Katika mwongozo huu nitatumia droni ya kushambulia inayoweza pia kulinda. Ukiielewa hiyo, nyingine utazitunga mwenyewe.

Hatua ya 2: Pima ramani yako kwa mwendo wa nuru

Watu wengi huweka kanuni ya amri kuchelewa kwa sababu wamesikia kwamba angani mawasiliano huchelewa. Ni kweli huchelewa, lakini inategemea umbali. Mawimbi ya redio na leza husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka duniani hadi mwezini, kilomita 384,400, ujumbe huchukua sekunde 1.3 hivi. Hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea sayari hizo mbili ziko wapi kwenye njia zao.

Sasa fanya hesabu ya ramani yako. Tuseme nafasi moja ni kilomita 1,000 na ramani ina urefu wa nafasi 40. Hizo ni kilomita 40,000, na ujumbe unavuka ramani nzima kwa muda usiofika moja ya saba ya sekunde. Zamu yako ikiwa dakika moja, kuchelewa huko si kitu. Usikiwekee kanuni.

Lakini nafasi moja ikiwa kilomita 100,000, ramani hiyo hiyo ni kilomita milioni 4. Ujumbe unachukua sekunde 13 kwenda na 13 kurudi. Kwenye zamu ya dakika moja, hilo linaonekana.

Kipimo ninachopendekeza ni hiki: safari ya kwenda na kurudi isipofika robo ya muda wa zamu, isahau. Ikifika, andika kanuni moja tu, kwa mfano "amri kwa droni iliyo zaidi ya nafasi 20 kutoka kwa mama inaanza kutumika zamu inayofuata". Nafasi 20 sikuiokota hewani. Robo ya dakika ni sekunde 15, nusu yake kwa safari ya upande mmoja ni sekunde 7.5, na katika muda huo nuru huenda kilomita 2,250,000, yaani nafasi 22 na ushee. Punguza hadi 20 ili ikumbukike.

Angalizo: usimwambie mchezaji ahesabu sekunde mezani. Hesabu ni kazi yako wewe mtunzi. Yeye apewe namba moja ya nafasi.

Hatua ya 3: Tunga amri chache, na uandike kila moja mpaka mwisho

Magari ya utafiti yaliyoko Mirihi, kama Curiosity iliyotua mwaka 2012 na Perseverance iliyotua mwaka 2021, hayaendeshwi kwa usukani kutoka duniani. Yanatumiwa mpango wa kazi, kisha yanautekeleza yenyewe. Huo ndio mfano bora wa droni ya vita vya mbali. Hushiki usukani, unatoa amri, na droni inaishi ndani ya amri hiyo mpaka upate nafasi ya kuibadilisha.

Anza na amri nne: Shambulia, Linda, Subiri na Rudi. Andika kila moja kwenye kadi, na chini yake uorodheshe mistari ya "kama… basi…" itakayofuatwa kuanzia juu kwenda chini. Mfano wa Shambulia:

Kama lengo ulilotajiwa lipo, basi lisogelee kwa njia fupi kuliko zote na ulipige ukifika.
Kama lengo limeangamizwa, basi mgeukie adui aliye karibu zaidi.
Kama hakuna adui ndani ya nafasi 10, basi fuata kadi ya Subiri.

Mistari hii ndiyo akili ya droni, na ndiyo itakayoamua ugomvi. Mtu akiuliza "sasa hii inakwenda wapi?", jibu liwe kwenye kadi. Maadui wawili wakilingana umbali, mpinzani wa mwenye droni ndiye achague. Kanuni hiyo ndogo inafunga mabishano mengi, na inamfundisha mwenye droni kutoziacha peke yake mahali penye utata.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika amri inayosema "tumia busara" au "fanya linalofaa". Mashine haina busara, na mchezaji atatafsiri "linalofaa" kuwa lile linalomfaa yeye.

Hatua ya 4: Mpe mama Njia za udhibiti

Hapa ndipo mchezo wa droni unapozaliwa, kwa hiyo usiipite haraka.

Kila meli mama iwe na idadi ndogo ya Njia, yaani mikondo ya kuzungumza na droni. Mbili zinatosha meli ya kawaida. Kwanza, weka droni katika bumba: droni 6 zinazosogea pamoja, kete moja ya bumba kwenye ramani, na idadi iliyobaki ikiandikwa pembeni. Halafu mwanzoni mwa zamu mchezaji anagawa Njia zake. Njia moja ikipewa bumba moja inafanya mojawapo ya mambo mawili:

- Kubadilisha amri: ondoa kadi ya zamani, weka mpya.
- Kuendesha kwa mkono: amri inabaki ileile, lakini zamu hii bumba linapiga vizuri zaidi na unachagua lengo mwenyewe.

Bumba lisilopewa Njia halisimami. Linaendelea na kadi yake ya mwisho, kama mbwa aliyekwisha kupigiwa mluzi na mchungaji wake.

Tazama kinachotokea. Mchezaji mwenye mabumba matatu na Njia mbili lazima aache moja lijiendee. Lipi? Lile lililo mbali linakaribia kumpoteza adui wake, lile la kati linahitaji mkono wake ili lipige sawasawa, na lile la karibu bado lina kadi ya Linda wakati makombora yameshaisha. Uchungu huo wa kuchagua ndio tunaoutafuta. Ukimpa Njia za kutosha mabumba yote, umeirudisha ile ndege ya kivita ya bei rahisi.

Kadi ziwekwe kifudifudi na pande zote mbili kwa wakati mmoja, kisha zifunuliwe pamoja. Wanaoanza huruhusu mchezaji wa pili kuweka kadi baada ya kumwona wa kwanza, na hapo anayecheza wa pili anakuwa na faida ambayo hakuna hesabu ya bei itakayoirekebisha.

Hatua ya 5: Mwendo, yaani nguvu nyingi na mafuta kidogo

Faida ya kweli ya kutokuwa na mtu ndani ni mwili. Rubani aliyefunzwa, akiwa na suti maalumu, huvumilia msukumo wa takriban mara 9 ya uzito wake kwa sekunde chache tu. Vifaa vya kielektroniki vilivyomo ndani ya makombora ya mizinga yenye mwongozo huvumilia maelfu. Kwa hiyo droni yako iwe na msukumo mkubwa kuliko meli: meli ikiwa na 3, mpe droni 6.

Kinachoibana ni tangi. Chombo kidogo kinabeba mafuta kidogo, na angani hakuna hewa ya kukupunguza mwendo. Kusimama kunagharimu mafuta kama kulivyogharimu kuondoka. Mpe kila bumba alama 4 za mafuta. Kila zamu linapobadili kasi au mwelekeo, linakata alama moja. Likienda moja kwa moja kwa kasi ileile halikati kitu.

Alama 4 zina maana: moja ya kuondoka, moja ya kurekebisha njia, moja ya kupunguza kasi, moja ya kurudi. Mchezaji anayeamua kutumia ya nne kwa shambulio zaidi anajua kwamba droni zake hazirudi nyumbani.

Mchezo wako ukiwa hauna mwendo wa kubeba kasi kutoka zamu moja hadi nyingine, usiulazimishe kwa ajili ya droni peke yake. Tumia tu mwendo wa nafasi 6 kwa zamu, na bumba liishiwe baada ya zamu 4 za kusogea.

Hatua ya 6: Mapigano, na jihadhari na wingi

Kanuni yenyewe ni rahisi. Bumba lililo nafasi moja na lengo linarusha dadu moja kwa kila droni iliyo hai. Linapiga kwa 5 au 6. Likiendeshwa kwa mkono, linapiga kwa 4, 5 au 6. Kabla ya shambulio hilo, meli inayoshambuliwa inarusha dadu 3 za ulinzi wa karibu. Kila 4, 5 au 6 inaua droni moja.

Ugumu uko kwenye wingi. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alionyesha mwaka 1916 kwamba pande mbili zikiweza kupigana zote kwa pamoja kutoka mbali, nguvu ya kundi haikui sawasawa na idadi yake bali hukua kwa mraba wa idadi hiyo. Droni 6 dhidi ya 3 za ubora uleule si mara mbili ya nguvu; ni 36 dhidi ya 9. Zile 3 zikiisha, kwa wastani zitabaki kama 5 upande wa pili.

Weka hilo kwenye kanuni zetu uone. Bumba moja la droni 6 linaishambulia meli yenye ulinzi wa dadu 3. Kwa wastani ulinzi unaua droni 1.5 kila zamu kabla hazijapiga:

| Zamu | Droni zilizobaki | Mapigo kwa wastani |
|---|---|---|
| 1 | 4.5 | 1.5 |
| 2 | 3 | 1 |
| 3 | 1.5 | 0.5 |
| 4 | 0 | 0 |

Jumla ni mapigo 3. Sasa leta mabumba mawili kwa pamoja, droni 12 dhidi ya ulinzi uleule. Zamu ya kwanza yanapiga 3.5, ya pili 3, ya tatu 2.5, ya nne 2. Zamu nne, mapigo 11, na bado zimebaki droni 6. Zikiachwa mpaka ziishe, jumla inafika 14. Umeongeza droni mara mbili, ukapata mapigo karibu mara tano.

Ndiyo maana mchezaji wa droni tupu anashinda kila mara. Hajadanganya wala hana bahati. Kanuni zako zimemuuzia mraba kwa bei ya mstari.

Tiba ziko tatu, nami nashauri utumie mbili za kwanza pamoja:

1. Weka kikomo. Meli moja isishambuliwe na zaidi ya mabumba mawili katika zamu moja. Maelezo yake ndani ya mchezo ni kwamba droni zikizidi zinazibana njia za kupigia.
2. Pandisha bei ya mabumba yanayofuata, kama utakavyoona Hatua ya 8.
3. Ruhusu meli zilizokaribiana zisaidiane ulinzi, kila moja ikichangia dadu moja kwa jirani aliye ndani ya nafasi 2. Hii ni nzuri kwa mchezo wa meli nyingi. Kwa meli moja dhidi ya moja haina maana.

Usijaribu kutibu wingi kwa kudhoofisha kila droni, mathalani ipige kwa 6 tu. Utaishia na mtu anayerusha dadu 12 na kupata mapigo mawili, na mezani patachosha. Dadu nyingi zenye matokeo machache ni adui wa mchezo wowote.

Hatua ya 7: Kuvuruga mawasiliano

Kama amri ndiyo uhai wa droni, adui lazima awe na njia ya kuigusa. Meli inaweza kuacha kupiga mzinga mmoja ili ivuruge bumba moja lililo ndani ya nafasi 6. Rusha dadu mbili ujumlishe. Ukipata 8 au zaidi, Njia iliyopewa bumba hilo zamu hii inapotea bure, na bumba linafuata kadi yake ya zamani.

Chagua namba kwa kujua unachokichagua. Kwa dadu mbili kuna matokeo 36. Kupata 7 au zaidi ni 21 kati ya hayo, asilimia 58. Kupata 8 au zaidi ni 15, asilimia 42. Kupata 9 au zaidi ni 10, asilimia 28. Tofauti ya namba moja katikati ya jedwali ni kubwa, kwa hiyo usigawe nyongeza za +2 na +3 ovyo. Nyongeza ya +1 kwa meli yenye vifaa bora inatosha.

Angalia pia kwamba uvurugaji hauui droni wala hausimamishi bumba. Unamwacha mwenye droni na amri aliyoitoa jana. Bumba lililoandikiwa kadi vizuri litaendelea kuwa hatari. Lililoachwa na kadi ya haraka haraka litakwenda kupiga mabaki ya meli iliyokwisha kufa.

Ukitaka kina zaidi, ongeza mawasiliano ya leza: hayavurugwi, lakini yanahitaji mstari mnyoofu ulio wazi kati ya mama na bumba, usiozibwa na kimondo wala sayari. Mchezaji achague redio au leza anaponunua meli yake.

Hatua ya 8: Panga bei

Usikisie. Tafuta silaha moja ya mchezo wako ambayo bei yake imeshakubalika, uitumie kama mizani. Tuseme mzinga wa kawaida unagharimu pointi 12, unatoa pigo 1 kwa zamu, na pambano hudumu zamu 6. Hayo ni mapigo 6 kwa pointi 12, yaani pointi 2 kwa pigo.

Bumba letu likifuata kadi tu linatoa mapigo 3: pointi 6. Likiendeshwa kwa mkono kila zamu linatoa 2.25, kisha 1.5, kisha 0.75, jumla 4.5: pointi 9. Mezani litakuwa katikati. Bei ya kuanzia iwe 8.

Bumba la pili lisiuzwe 8, kwa sababu umekwisha kuona linavyobadilisha hesabu. Liuze 12, na yote yanayofuata 12. Njia ya tatu ya udhibiti iuzwe kwa pointi 5, ya nne kwa 8, na iishie hapo. Bei hizi si takatifu. Ni mahali pa kuanzia ili majaribio yako yasianzie gizani.

Hatua ya 9: Kurusha na kupokea

Fupi: mama anarusha bumba moja kwa zamu, naye anapokea bumba moja kwa zamu, bumba likiwa nafasi moja naye na kasi zao zikilingana. Zamu anayopokea hawezi kurusha. Bumba lililopokelewa linajazwa mafuta baada ya zamu 2, lakini droni zilizokufa hazirudi.

Kwa pambano la mara moja, kanuni ya kupokea unaweza kuiacha kabisa.

Hatua ya 10: Jaribu kwa makusudi

Cheza pambano la kwanza ukiwa na meli isiyo na droni dhidi ya mama na bumba moja, pointi sawa. La pili, pande zote mbili na droni. La tatu, mtu mmoja anunue droni nyingi kadiri anavyoweza, na umwombe kwa dhati ajitahidi kuuvunja mchezo. Hilo la tatu litakufundisha kuliko mengine yote. Badilishaneni pande kila baada ya pambano, na saa iwe inakwenda.

Mpangilio wa zamu wakati wa kujaribu uwe huu: gawa Njia na kadi kwa siri, funua, vuruga, sogeza, ulinzi wa karibu, droni zipige, mwisho mizinga ya meli.

Mfano wa zamu moja. Mwekundu ana mama mwenye Njia mbili na mabumba mawili kamili yaliyo jirani na meli ya Buluu, yote yakiwa na kadi ya Shambulia. Anatoa Njia zote mbili kwa kuendesha kwa mkono. Buluu anaacha mzinga mmoja ili avuruge bumba la kwanza: anapata 5 na 4, jumla 9, amefaulu. Bumba hilo linabaki kupiga kwa 5 na 6. Ulinzi wa Buluu ni dadu 3. Anaamua mbili ziende kwa bumba la pili, lile linaloendeshwa kwa mkono, na moja kwa la kwanza. Anaua droni moja kila upande. Sasa Mwekundu ana dadu 5 za kupiga kwa 5 na 6, na dadu 5 za kupiga kwa 4 na kuendelea. Kwa wastani ni mapigo 4 na ushee. Bila uvurugaji yangekuwa 5. Je, mzinga ulioachwa ulistahili? Wakianza kubishana juu ya hilo baada ya zamu, kanuni zako ziko kwenye njia nzuri.

Mambo yakienda mrama

*Zamu ni ndefu mno.* Hesabu mabumba kabla ya kulaumu kanuni. Zaidi ya manne kwa kila upande ni mengi. Kama yako machache na bado mnachelewa, tazama kadi: huenda mistari ya "kama… basi…" imefika mitano au sita. Irudishe kuwa mitatu.

*Kila mtu anaweka Shambulia tu.* Kadi nyingine hazilipi. Fanya bumba lenye kadi ya Linda liongeze dadu 2 kwenye ulinzi wa karibu wa mama. Subiri nayo iwe na faida: bumba lililosubiri zamu nzima halionekani mpaka adui afike ndani ya nafasi 4.

*Droni hazifiki kabisa.* Pande zinaanzia mbali mno kwa mafuta yaliyopo. Punguza umbali wa kuanzia kabla ya kuongeza mafuta. Ukiongeza mafuta unafuta uamuzi wa Hatua ya 5.

*Uvurugaji unachosha anayevurugwa.* Mara nyingi mtunzi ameufanya ulisimamishe bumba. Rudisha kadi ya zamani iendelee kufanya kazi. Kama tatizo linabaki, hakikisha kila uvurugaji unamgharimu mvurugaji mzinga, si kitufe cha bure.

*Wachezaji hawarudishi droni hata siku moja.* Kwa pambano la mara moja hilo ni sawa, hakuna roho ya mtu ndani. Kwenye mfululizo wa mapambano, droni iliyopotea inunuliwe upya kutoka kwenye akiba ya pointi, uone zitakavyoanza kuitwa nyumbani.

*Asiye na droni anahisi hana la kufanya.* Muongezee dadu za ulinzi, si nguvu ya mizinga. Dadu moja tu ya ziada inapandisha vifo vya droni kutoka 1.5 hadi 2 kwa zamu, na bumba moja linashuka kutoka mapigo 3 hadi 2. Ongeza moja, cheza tena, ndipo ufikirie ya pili.

*Mtu ameleta wazo la droni zinazojifunza, zinazojizalisha au zinazohamia upande wa adui.* Liandike pembeni. Wazo la kuhamia upande wa adui linaweza kuwa kanuni nzuri sana, kwa kuwa linagusa kamba yenyewe: adui anayepata 12 kwenye uvurugaji anabadilisha kadi ya bumba kwa zamu moja. Nafasi yake ni 1 kati ya 36, kwa hiyo haitaharibu mizani. Hayo mengine mawili yasubiri mpaka kanuni zilizopo ziweze kuchezwa bila mtu kufungua karatasi.